Kabla ya Kulaumu Kipima Kina, Tazama Kilipofungwa

Maelezo ya Afisa wa Kitengo cha Mawasiliano Serikalini kwa wananchi wa Kata ya Iyula



Naomba nianze na swali ambalo bila shaka baadhi yenu mnajiuliza. Iyula ni kata ya nyanda za juu, kata ya kahawa na mahindi. Iweje afisa wa halmashauri aje kuzungumza habari za boti? Jibu lipo katika historia yetu na katika mifuko yetu. Kabla ya Wilaya ya Momba kuanzishwa mwaka 2012, Wilaya ya Mbozi iliteremka mpaka katika bonde la Ziwa Rukwa. Mipaka ya utawala ilibadilika, lakini njia za riziki hazikubadilika. Kijana wa nyanda za juu, mavuno yakishaingia ghalani, huweza kushuka Rukwa kutafuta samaki. Mwingine huelekea Kyela kwenye Ziwa Nyasa, na mwingine hufika Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika.

Naye haendi peke yake. Nyuma yake ipo fedha ya kahawa ya mzazi, wapo wanakikundi waliomwamini, na pengine upo mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Boti ikikwama kwenye mchanga, injini ikavunjika, au chombo kikashindwa kufanya kazi msimu mzima, hasara haibaki ziwani. Hupanda mlima ikaingia katika nyumba zetu.

Serikali nayo imeongeza msukumo katika sekta hii. Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Mheshimiwa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba. Boti za namna hiyo huja na vifaa ambavyo mitumbwi ya zamani haikuwa navyo, na kimojawapo ni kipima kina, ambacho wengine hukiita kitafuta samaki. Ni kifaa hicho ninachotaka tukifahamu leo, kwa kuwa ndicho kinacholalamikiwa upesi kuliko vyote. Utasikia: "Kimeharibika", "Ni feki", "Kinaonyesha uongo". Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichokosewa ni mahali kilipofungwa.

Kifaa hiki hufanyaje kazi?

Kipima kina kina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni kioo, ambacho nahodha hukitazama. Ya pili ni transidusa, yaani kile kipande kidogo kinachozamishwa majini na kuunganishwa na kioo kwa waya. Kioo ni uso tu. Transidusa ndiyo mdomo na sikio. Hutoa sauti kali ambayo binadamu hawezi kuisikia, sauti hiyo hushuka mpaka chini ya ziwa, hugonga tope, mwamba au samaki, kisha hurudi kama mwangwi. Kifaa huhesabu muda uliopita kati ya kutoka na kurudi, na kutokana na muda huo hukadiria kina.

Katika maji baridi sauti husafiri takriban mita 1,480 kwa sekunde moja. Kwa hiyo chini ya ziwa ikiwa mita 15 kutoka kwenye transidusa, sauti husafiri mita 30 kwenda na kurudi, na kazi yote humalizika kwa takriban sehemu 2 za 100 za sekunde. Ni hesabu ya haraka na ya makini, lakini inategemea sharti moja: kati ya transidusa na chini ya ziwa pawe na maji matupu.

Adui mkubwa wa kifaa hiki ni hewa. Sauti iliyomo majini ikikutana na hewa, karibu yote hurudishwa ilikotoka. Tabaka jembamba la viputo vya povu linatosha kukifanya kifaa kiziwi, hata kama ni kipya na cha bei kubwa. Ukilikumbuka jambo hilo moja, ndugu wananchi, utakuwa umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya matatizo nitakayoyaeleza.

Mahali panapofaa kufungwa transidusa

Katika boti nyingi zenye injini ya kupachika, transidusa hufungwa tezini, yaani nyuma ya chombo, kwenye ubao uleule unaobeba injini. Fundi na azingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, iwe mbali na rafadha, yaani lile panga linalosukuma boti. Umbali wa sentimita 40 au zaidi unafaa kwa boti ndogo. Upande nao una maana. Transidusa huwekwa upande ambao mapanga yanashuka kuelekea chini, kwa kuwa upande yanakopanda husukuma povu juu. Injini nyingi rafadha yake huzunguka kufuata mwendo wa mshale wa saa ukiitazama kutoka nyuma. Kwa injini hizo, upande unaofaa ni wa kulia.

Pili, isiwe nyuma ya kitu chochote kinachochafua mkondo wa maji. Tazameni sakafu ya boti kwa nje: pale penye ukingo uliojitokeza, msumari, kiraka au tundu la kuingizia maji, hapo ndipo viputo huzaliwa boti inapokwenda. Vuta mstari wa macho kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi. Mstari unaofika kwenye transidusa uwe laini na usio na kizuizi.

Tatu, uso wa transidusa ushuke chini kidogo ya sakafu ya boti. Kwa boti ya faiba, milimita 3 hivi zinatosha. Kwa boti ya alumini, milimita 10 hivi. Ikipanda juu zaidi ya hapo, maji yanayopita chini ya boti huiruka na kuiacha ndani ya povu. Ikishuka mno, hurusha maji, na hunasa nyavu na majani.

Nne, uso wake ulale sambamba na maji pale boti inapokuwa imebeba mzigo wake wa kawaida. Boti iliyo tupu ufukweni hailali kama boti yenye watu, nyavu, barafu na mafuta. Transidusa iliyoinama hutuma sauti pembeni, na mwangwi hurudi dhaifu au haurudi kabisa.

Tano, kwa chombo cha mbao, pigeni kwanza skrubu za kibao kidogo tezini, kisha fungeni transidusa juu ya kibao hicho. Mkihitaji kuisogeza juu au chini mtatoboa kibao, na ubao wa chombo utabaki mzima. Kila tundu lililotobolewa chini ya usawa wa maji lizibwe kwa gundi isiyopitisha maji. Lisipozibwa, ni mlango wa maji.

Wapo wanaopenda kuibandika transidusa ndani ya boti ili isigongwe na magogo. Njia hiyo inawezekana katika boti ya faiba iliyo ngumu na isiyo na tabaka la sponji au uwazi ndani yake, mradi gundi isiwe na kiputo hata kimoja. Kwa chombo cha mbao haifai, kwa kuwa ubao una vijitundu vya hewa vinavyoinyonya sauti. Mwenye mtumbwi wa mbao na aifunge transidusa kwa nje, au aitie kwenye mti imara unaoshikizwa ubavuni na kushushwa majini wakati wa kazi.

Kuhusu waya, msiukate kuufupisha na msiuunge. Msiupitishe bega kwa bega na waya za moto za injini, kwa sababu umeme wa injini huingia katika waya wa transidusa na kuchora mistari ya uongo kwenye kioo. Wala msiibebe transidusa kwa kuining'iniza kwa waya wake.

Kifaa kikisumbua, tuanzie wapi?

Mganga mzuri humuuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Nasi tufuate utaratibu, kuanzia jambo rahisi kwenda gumu, badala ya kukimbilia kufungua kioo kwa bisibisi.

Kifaa kisipowaka, anza na umeme. Vifaa vingi vya aina hii hutumia betri ya volti 12. Kagua kama vichwa vya betri vimekaza na havina kutu, kama waya wa chanya na wa hasi haijapishana, na kama fyuzi ni nzima. Fyuzi ikiungua, iwekwe nyingine ya kiwango kilekile. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuandaa moto kando ya tangi la petroli. Kama kifaa huzimika kila injini inapowashwa, betri ni dhaifu. Injini huchukua umeme wote kwa kishindo kimoja na kifaa kikabaki na njaa.

Kifaa kikiwaka lakini kisionyeshe kina, jiulize swali moja: hali hiyo hutokea boti ikiwa imesimama, au inapokwenda kasi? Kama kinasoma vizuri boti imetulia, kisha kinapoteza chini ya ziwa mwendo unapoongezeka, kifaa hakina ubovu. Ni povu, na tiba yake ni kuisogeza transidusa. Ishushe milimita chache, jaribu. Isogeze mbali zaidi na rafadha, jaribu tena. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, ili ujue ni lipi lililoponya. Kama hakisomi hata boti ikiwa imesimama kwenye maji yenye kina cha kutosha, kagua plagi: meno yake yasiwe yamepinda, yasiwe na kutu wala unyevu. Kisha fuata waya wote kwa mkono, ukitafuta mahali palipobanwa au kutafunwa na panya. Mwisho itazame transidusa yenyewe. Ukoga na tope huiziba. Isafishwe kwa kitambaa laini, maji na sabuni. Isikwanguliwe kwa kisu na isioshwe kwa petroli, maana plastiki yake huharibika.

Yapo maajabu mengine: kifaa kinaonyesha samaki wengi wakati boti ingali juu ya magogo, nchi kavu. Hapo si uchawi wala si bahati. Vifaa vingi vina hali ya maonyesho ambayo muuzaji huitumia dukani, na baadhi huingia katika hali hiyo vyenyewe vinapowashwa bila kuitambua transidusa. Picha hiyo ni mchoro tu. Nahodha anayeifuata anaongozwa na ziwa lisilokuwepo. Kizimeni, unganisheni transidusa, kisha kiwasheni upya na mhakikishe hali ya maonyesho imeondolewa.

Kioo kikijaa mistari na madoa, zimeni injini huku kifaa kikiendelea kuwaka. Mistari ikitoweka, chanzo ni umeme wa injini; tenganisheni waya, au kipeni kifaa betri yake. Isipotoweka, punguzeni kiwango cha usikivu. Jambo hili ni muhimu hasa Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka; mito Momba na Songwe huingiza maji pamoja na udongo wake, na maji huwa ya tope. Kifaa kilichowekwa usikivu wa juu husikia kila chembe ya tope na kuichora kama samaki.

Kina kisicho sahihi ni hatari kuliko kina kisichoonekana

Kioo kisipoonyesha kitu, nahodha huwa mwangalifu. Kioo kikionyesha tarakimu nzuri isiyo ya kweli, nahodha huenda mbio. Kwa hiyo naomba tuyafahamu makosa manne ya tarakimu.

La kwanza ni kipimo. Kifaa kingi hutoka kiwandani kikisoma kwa futi. Tarakimu 10 ikiwa ni futi, hapo pana mita 3 tu. Hakikisheni kioo kimewekwa mita, na kila mwanachama wa kikundi ajue hivyo.

La pili ni mwangwi wa pili. Katika maji mafupi sauti huweza kugonga chini, ikarudi juu, ikagonga tena chini na kurudi mara ya pili. Kifaa chenye usikivu mkubwa huweza kuushika mwangwi huo wa pili na kutangaza kina mara mbili ya kilichopo. Pana mita 2, kioo kinasema 4. Aidha, vifaa vingi havisomi vizuri maji yakipungua chini ya nusu mita hivi. Tarakimu ikianza kurukaruka karibu na ufukwe, usiiamini, shika upondo.

La tatu ni mahali hesabu inapoanzia. Kifaa hupima kuanzia kwenye uso wa transidusa. Kama transidusa imezama sentimita 30, kina halisi cha maji ni tarakimu ya kioo ukijumlisha sentimita 30. Lakini kama mkia wa injini unashuka chini zaidi ya transidusa kwa sentimita 40, rafadha itagusa mchanga wakati kioo bado kinakuonyesha kwamba una karibu nusu mita. Pimeni tofauti hiyo kwa futikamba siku ya kwanza na muiandike ndani ya boti kwa rangi.

La nne ni kutumia kifaa nje ya uwezo wake. Ziwa Nyasa lina kina kinachofika takriban mita 700, na Ziwa Tanganyika takriban mita 1,470, likiwa la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Vifaa vingi vya bei ya kawaida hufikia mita mia chache tu. Tarakimu ikiwakawaka au kutoweka mbali na ufukwe wa Kasanga, huenda kifaa kinasema ukweli: chini hapafikiki. Kifaa hichohicho kikirudishwa kwenye maji ya mita 20 kitasoma bila shida.

Bildi isitupwe

Mabaharia wa pwani yetu, kabla ya umeme kuingia katika vyombo, walipima kina kwa bildi: kamba yenye chubwi nzito mwishoni, na mafundo ya kuhesabia pima. Chombo hicho hakihitaji betri wala fyuzi, na gharama yake ni kamba ya mita 20 na kipande cha chuma. Tieni fundo kila mita moja. Kila kikundi na kiwe na bildi ndani ya boti, na kila baada ya kifaa kufungwa au kusogezwa, pimeni mahali patatu tofauti: maji mafupi, maji ya wastani na maji marefu. Linganisheni fundo na tarakimu, mkikumbuka kujumlisha zile sentimita za transidusa. Vikikubaliana mahali pote patatu, mwaminini nahodha na kioo chake. Visipokubaliana, bildi ndiyo shahidi.

Nini cha kufanya kabla ya kutia saini

Hapa ndipo huduma za halmashauri zinapoingia. Kikundi kinachonunua boti kwa fedha ya mkopo kisipokee chombo kikiwa juu ya lori. Katika mkataba na muuzaji, andikeni kwamba chombo kitajaribiwa majini, kikiwa na mzigo, kikiwa kimesimama na kikiwa katika mwendo, na kwamba kipima kina kitalinganishwa na bildi mbele ya wanakikundi. Malipo ya mwisho yafuate jaribio hilo. Boti ikishapokelewa kwa saini, kosa la fundi linakuwa mzigo wa kikundi, na tarehe ya marejesho haisubiri.

Kwa masuala ya mkopo na uundaji wa vikundi, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kwa leseni na masharti ya uvuvi, ambayo yanasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, mwoneni afisa uvuvi wa halmashauri ya mahali mtakapovulia. Usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo ni kazi ya TASAC. Kwa kijana anayetaka ufundi wa kudumu, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi zikiwamo Mbegani, Nyegezi na Kigoma. Na kabla ya chombo kuondoka ufukweni, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kila mtu awe amevaa jaketi okozi. Kipima kina hutazama chini. Hakioni upepo unaokuja.

Ndugu wananchi, wazazi mliopo hapa huenda hamtaingia kamwe katika boti. Lakini kijana akirudi nyumbani akasema kifaa kimeharibika na zinahitajika fedha za kingine, sasa mnayo maswali ya kumuuliza. Je, kinasoma boti ikiwa imesimama? Transidusa imefungwa upande gani, na umbali gani kutoka kwenye rafadha? Imesafishwa lini? Kioo kimewekwa futi au mita? Bildi inasemaje? Akishindwa kuyajibu, msifungue mfuko bado. Mrudisheni ziwani akiwa na kamba, chubwi na bisibisi, kwani pengine ukarabati unaotakiwa ni skrubu mbili tu na kuishusha transidusa milimita tatu.

Nakala za maelezo haya zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, na vikundi vinaweza kuzichukua bila malipo.